Maumivu Aliyomsingizia Adoyo

Phares Okumu alikuwa mtu wa heshima zake pale Kaloleni, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa karani wa reli, upande wa mizigo, kazi yake kupokea simu. Shati lake lilipigwa pasi kila asubuhi, kanisani alikaa benchi la pili, na katika mikutano ya chama cha ukoo alikuwa na neno kwa kila jambo, na neno lenyewe halikuwa fupi. Mwaka 1955, kabla kichwa hakijaanza kumuuma, ungemuuliza anajivunia nini angekwambia kwamba tangu azaliwe hajafanya jambo la kumfanya ainamishe uso mbele za watu. Ndivyo alivyoamini, na tumwache aamini kidogo.

Kama wanaume wengi wa rika lake waliotoka Nyanza, Phares hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Aling'olewa angali kijana, kwao Alego, ameketi chini, mjomba wake amemshika kichwa, fundi anayachokoa kwa kipande cha chuma, jino baada ya jino. Hakulia. Kwa Wajaluo wa siku zile huko ndiko kulikuwa kuingia utu uzima, na kijana aliyelia alikumbushwa mpaka akazeeka. Pale Kaloleni hakuna aliyelijali pengo lake, kwa kuwa nusu ya wanaume wa mtaa ule ukiwachekesha ungeona pengo lile lile.

Tena alilitetea. Askari mmoja wa manispaa alipojitia meno ya bandia mjini akarudi nayo yakimeremeta, Phares alisimama kwenye mkutano wa ukoo, ukumbini, akashika ukosi wa koti lake. "Mtu anayeliziba pengo hili," alisema, "anamtukana babu yake kaburini." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Adoyo, mkewe, aliyekaa nyuma na wanawake wenzake, alipiga makofi kuliko wote, maana alimwonea fahari mume wake. Yule askari hakuonekana tena mkutanoni.

Basi haukupita muda, ofisini akaja mkubwa mpya, Mzungu mmoja mkimya. Alimwita Phares akamwambia kwamba watu wa upande wa pili wa simu wanalalamika, hawamsikii vizuri, maneno yanamtoka na upepo. Alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma. Alisema mambo yakiendelea hivyo atamtoa kwenye simu ampeleke nje kwenye magunia. Karani mwenziwe, Abdurahim, kijana wa Mombasa hodari wa kuiga sauti za watu, akamwiga Phares akijibu simu, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Phares naye akacheka. Kisha akaenda chooni, akasimama peke yake akitazama ukuta mpaka uso ulipopoa.

Magunia! Mtu wa benchi la pili!

Jumamosi iliyofuata aliteremka mpaka Majengo, Pumwani, kwa fundi mmoja aliyeitwa Haji. Haji huyu aliwahi kufua mataulo na kuosha vyombo vya daktari wa meno, akatazama, akatazama, halafu akaona kumbe na yeye anaweza. Alimtia Phares nta mdomoni, akaitoa, na baada ya wiki mbili akampa meno sita meupe yaliyokaa juu ya plastiki nyekundu mfano wa ufizi, yana waya huku na huku za kushika meno ya pembeni. Waya moja ilivunjika siku ya tatu. Meno yenyewe yalikuwa marefu kidogo kuliko ilivyopasa, na yalicheza. "Utayazoea, bwana," Haji alimwambia. "Ukiyabana vizuri hayatoki."

Phares akayabana. Alijifunza kuyashikilia kwa meno ya juu, taya limesukumwa mbele kidogo, ulimi ukisaidia, na akizungumza kwenye simu alibana kati ya neno na neno. Mkubwa akaridhika. Abdurahim akatafuta mtu mwingine wa kumwiga. Lakini Kaloleni hakuna aliyepata habari, kwani angeyavaaje mbele ya watu wale aliowahutubia? Kila asubuhi aliyatia mdomoni baada ya kuvuka reli, nyuma ya ukuta wa stoo moja, na kila jioni aliyatoa palepale, akayafunga katika leso, akaingia mtaani na pengo lake akiamkiana na watu. Hata mkewe hakumwambia. Alijaribu mara moja, akafungua kinywa, akakumbuka makofi yake yale, akauliza kama kuna chai.

Miezi mitatu haikwisha, kichwa kikaanza.

Kilianza kama kipanda uso cha kawaida, panja la kulia. Kikahamia mbele ya sikio, kikashuka shingoni, kikarudi nyuma ya jicho. Kilikuja jioni. Phares alifika nyumbani, akavua koti, akaketi mezani, na kabla hajamaliza tonge la tatu mtu alikuwa anatwanga ndani ya kichwa chake. Taya nalo likawa linaalika akitafuna, mlio anaousikia yeye peke yake. Alimeza vidonge vya Aspro. Alijifunga kitambaa. Adoyo alimkanda kwa maji ya moto, akamchemshia majani aliyopewa na jirani, akatoka nje kuwaomba wapiga soga waliokaa chini ya dirisha wasogee mbali, mume wake anaumwa.

Jumapili kichwa hakikuja. Jumapili, baada ya ibada, walikuwa na desturi ya kwenda kula kwa Okoth, binamu yake Phares, aliyekaa Makongeni na mkewe Aloo. Huko Phares alikula samaki, akala ugali, akasimulia, akacheka, akarudi nyumbani mzima. Jumatatu jioni, mezani kwake, tonge la tatu, kichwa.

Mtu mwingine angejiuliza ni vitu gani vinavyoitenga Jumapili na Jumatatu, akavitaja vyote. Phares alikitaja kimoja. Cha pili alikuwa nacho mfukoni, ndani ya leso, ila alikuwa amekificha kwa watu siku nyingi mpaka akawa amekificha hata kwa nafsi yake. Akabaki na chakula.

Okoth ndiye aliyelipa jambo hilo maneno. "Omera, ndugu yangu," alimwambia siku moja wakitembea, "mimi sisemi kitu. Lakini ndoa inaingia mwaka wa tatu bila mtoto, mwanamke lazima aingiwe na hofu. Wako wanawake wanaokwenda kwa waganga, wanapewa dawa ya kumtuliza mume, wanaitia kwenye mboga. Dawa ikizidi kipimo inapanda kichwani."

"Unamsema Adoyo?"

"Mimi nimekwambia sisemi kitu."

Mtu akishakwambia hivyo amekwisha kusema. Phares alikaa na neno lile wiki mbili. Alianza kumwangalia mkewe akikoroga mboga. Akaanza kuuliza chumvi imetoka duka gani. Adoyo, mwanamke wa vitendo asiye na maneno mengi, alimjibu, "Duka lile lile," akaendelea kukoroga.

Jumamosi moja mchana wakaja watu watatu: Okoth, Mzee Obado aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha ukoo, na mzee mwingine wa kumsindikiza. Walikaribishwa, wakanywa chai aliyoipika Adoyo, na hilo pekee lingetosha kuwafunza kitu kama wangekuwa watu wa kufundishika siku hiyo. Baada ya chai Mzee Obado akamwita Adoyo aje akae. "Nyar Seme," alimwambia, yaani binti wa Seme, maana ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa kwao alikozaliwa, "mumeo ana neno."

Phares akalisema. Alilisema vizuri, kwa mpango, kama alivyozoea ukumbini: kichwa huja jioni, huja na chakula cha nyumbani, kwingine hakiji. Mganga hakumtaja. Aliwaachia wengine wamtaje kimoyomoyo.

Adoyo alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama mumewe kwa muda, kama anayengoja aongeze kitu. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya ugali na sufuria ya mboga, chakula cha mchana cha watu wote waliokuwamo, akaketi sakafuni mbele ya wanaume wanne, akala. Alikula bila haraka na bila machozi, tonge baada ya tonge, mpaka akakwangua ukoko. Halafu akaenda kuosha vyombo. Wazee walitazama viatu vyao. Phares alitazama dirisha, na mkono wake mfukoni ulikuwa umeishika ile leso.

Hukumu haikuwa kali kwa maneno. Ilisemwa aende kwao akapumzike mpaka mambo yatulie. Lakini kila mtu alijua mwanamke anayerudishwa kwao kwa habari ya chakula anafika na jina gani. Phares alimtafutia tikiti ya Kisumu, daraja la tatu, akambebea sanduku mpaka stesheni. Alitaka kumwambia jambo kabla gari halijaondoka. Akasema, "Nisalimie mama."

"Na kichwa kikikuuma leo jioni," Adoyo alimuuliza, "utamwita nani?" Hakusema kwa uchungu. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli.

Kilimuuma jioni ileile.

Sasa hapa ndipo ningependa kumtetea Phares, lakini sioni pa kuanzia. Alijiambia dawa bado haijatoka mwilini. Akatupa unga uliobaki, akatupa chumvi, akatupa mwiko, akawagawia watu sufuria akanunua mpya. Kichwa kikaja. Akala mkate na maziwa. Kichwa kikaja. Akaanza kula hotelini, chakula cha watu wengi kilichopikwa na mpishi asiyemjua hata jina, na kichwa kikamfuata mpaka huko kikamkalia nyuma ya jicho. Wiki zikapita hivyo. Visingizio vilipomwishia hakutafuta sababu nyingine, alijitia hamnazo tu, akawa analala saa moja ya jioni amejifunika uso.

Siku moja, saa nne za asubuhi, simu ililia ofisini, Phares akafungua kinywa ajibu, kinywa kikakataa. Kilifunguka upana wa kidole kimoja, kikagoma hapo. Alijaribu kusema "halo" ikatoka sauti ya mtu aliyezibwa mto usoni. Abdurahim aliona kwanza mzaha, kisha akaona macho yake. Akamchukulia simu mkononi, akajibu kwa niaba yake kwa adabu zote, halafu akamshika bega mpaka kwa mkubwa. Mkubwa akaandika barua, akampeleka kwa daktari wa meno mjini.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo mwenye miwani, chumba chake ghorofani karibu na mtaa wa Bazaar, Kiswahili chake cha dukani. Hakuanza na meno. Alisimama nyuma ya kiti, akaweka ncha za vidole mbele ya masikio ya Phares, akasema, "Fungua. Funga. Pole pole." Akasikiliza kwa vidole. Kisha akabonyeza shavu, akabonyeza panja, na alipobonyeza panja la kulia machozi yalimtoka Phares bila kuitwa.

"Hapa ndiyo kichwa nauma?"

"Hapa."

"Wewe nabana kitu kwa mdomo kutwa. Kitu gani?"

Phares akakaza midomo. Daktari akamwekea taulo la moto mashavuni, akangoja, na taya lilipolegea kidogo aliingiza vidole, akayatoa meno ya Haji, akayaweka juu ya karatasi nyeupe. Aliyageuza huku na huku. Akaiona waya iliyovunjika. Hakucheka, ingawa Phares alikuwa amejikaza kungoja kicheko.

"Kichwa nakuja saa ngapi?"

"Jioni."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

"Na Jumapili wewe navaa hii?"

Swali lilikuwa jepesi, mtoto mdogo angelijibu, na lilikuwa limekaa mbele ya Phares tangu siku ya kwanza. Aibu ilimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Haikuwa aibu ya pengo, hiyo alikwisha kuizoea. Aliona sufuria. Alimwona mke wake amekaa sakafuni akila ugali wa watu watano mbele ya wanaume, na yeye amesimama, mkono mfukoni.

"Sivai," alisema.

Daktari akamweleza. Hapa mbele ya sikio, alisema, kuna kiungo, na taya linaning'inia juu yake kama mlango kwenye bawaba. Misuli inayolifunga inapanda shavuni mpaka kwenye panja. Meno haya ni marefu na yamelegea, kwa hiyo wewe unasukuma taya mahali pasipo pake na kulibana hapo tangu asubuhi. Misuli inavumilia mchana, jioni inachoka, ukianza kutafuna inalia, na wewe unadhani ni kichwa. "Si kichwa," alisema. "Kichwa mzima kabisa." Phares alitaka kumwambia kwamba hapo alikuwa amekosea.

Dawa zenyewe zilikuwa za kawaida mno kwa mtu aliyewaita wazee. Daktari alichukua alama ya meno yake ya juu kwa nta, na baada ya siku chache akampa kisahani cha plastiki nyeupe cha kuvaa juu ya meno akilala, ili taya lipate kupumzika. Kitambaa cha moto mashavuni asubuhi na jioni. Uji, ndizi za kuchemsha, viazi. Mahindi ya kuchoma na miwa aviache. Mchana afunge midomo lakini meno yasigusane. Na meno ya Haji asiyatie tena kinywani mwake. Akitaka meno, atatengenezewa mengine mafupi yanayokaa bila kubanwa, lakini baada ya kupona.

Phares akarudi ofisini na pengo lake. Alikwenda kwa mkubwa mwenyewe kabla hajaitwa, akamweleza, akangoja kuambiwa habari ya magunia. Mkubwa alimtazama mdomoni mara moja, akamwambia azungumze polepole tu kwenye simu, akarudia karatasi zake. Ikawa imekwisha hapo. Jambo alilolihofia mwaka mzima, alilolificha nyuma ya ukuta wa stoo asubuhi na jioni, halikuchukua hata dakika moja.

Wiki ya tatu maumivu yalipungua. Wiki ya sita jioni ilifika, ikapita, na kichwa hakikuja. Ungemdhania alifurahi. Lakini kila jioni isiyo na maumivu ilikuwa ushahidi juu yake, naye alikaa pale mezani peke yake mbele ya uji, mzima wa afya, akiona haya mbele ya kiti kitupu.

Akamwandikia barua. Adoyo hakusoma, ila kaka yake alikuwa mwalimu, atamsomea. Phares aliandika kwamba daktari mkubwa wa mjini amegundua ugonjwa wa taya, kwamba sasa amepona, kwamba arudi nyumbani. Meno hakuyataja. Aliandika "ugonjwa wa taya" kwa herufi nzuri, kana kwamba ugonjwa ule ulitoka mawinguni ukamwangukia.

Jibu lilikuja na mwandiko wa mwalimu lakini maneno yalikuwa ya Adoyo, Phares aliyatambua kwa ufupi wake: "Ulisema mbele ya watu. Waite watu walewale, nami nitakuja nisikie."

Akawaita. Nimpe haki yake hapo, aliwaita. Adoyo alifika na garimoshi la Ijumaa akifuatana na kaka yake, na Jumamosi mchana wote walikuwa wamekaa mahali palepale: Okoth, Mzee Obado, yule mzee wa pili. Adoyo aliketi karibu na mlango, sanduku lake miguuni, halijafunguliwa.

Phares alisimama. Alisema daktari amempima. Alisema ni taya, kiungo cha taya, na kwamba mke wake hana kosa lolote. Wazee wakaitikia kwa kunung'unika. Okoth akashusha pumzi. Kweli ingeweza kuishia hapo, wakanywa chai wakaenda zao, kama Mzee Obado hangekuwa mtu wa kupenda kujua.

"Na taya lilipatwa na nini, mwanangu? Uligongwa?"

Phares aliona njia ya kutokea ikiwa wazi kabisa mbele yake. Angeweza kusema aligongwa na mlango. Angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Alimtazama Adoyo, akaona kwamba hamwangalii, anaangalia mikono yake mwenyewe, na akajua kwamba amekwisha kukata tamaa ya kusikia lolote. Akatia mkono mfukoni. Akaifungua leso juu ya meza.

"Nilivaa haya," alisema. "Mwaka mzima. Nilivaa kazini, nikayaficha kwenu na nikamficha na huyu. Mimi niliyemfukuza askari kwenye mkutano. Haya ndiyo yaliyonivunja kichwa, nami nilikuwa nayo mfukoni siku ile anakula hapa."

Kisha Mzee Obado akayachukua yale meno, akayatazama chini juu, akayaweka mbele ya pengo lake mwenyewe, akakenua. Okoth alianza kucheka, akashindwa kujizuia. Yule mzee wa pili alicheka mpaka akakohoa. Walicheka kicheko cha watu waliopona na wao, na Phares, akishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, akajikuta anacheka pamoja nao.

Adoyo hakucheka.

Aliwangoja wamalize, kama alivyongoja siku ile. "Nashukuru mmecheka," alisema. "Siku ile hamkucheka. Nilipofika kwetu hakuna aliyeniuliza kitu, walikuwa wamekwisha kusikia. Nikipika, mama anakula, kaka yangu huyu anakula. Lakini watoto wa mji wetu, nikishika mwiko tu, mama zao wanawaita. Wanawaita kwa upole, wasinivunje moyo. Nimeona watoto wanalia njaa huku sufuria yangu iko motoni."

Kaka yake aliinamisha kichwa, maana mmoja wa mama hao alikuwa mke wake.

"Tulikosa, Nyar Seme," alisema Mzee Obado, na meno akayarudisha mezani taratibu.

"Tutakwenda Seme," alisema Phares. "Nikipata likizo mwezi ujao. Nitawaambia wote."

"Utawaambia," alisema Adoyo. "Utakaa nyumbani kwa mama, utafungua kinywa, utawaeleza kama ulivyoeleza hapa." Na kila mwanaume mle ndani alijua uzito wa hilo, mkwe kufungua kinywa kitupu mbele ya mama mkwe na kueleza upuuzi wake. "Nyumba hii ni yangu, nitakaa. Lakini mpaka siku hiyo sishiki mwiko."

Wageni waliondoka bila chai. Adoyo akafungua sanduku lake, akatandika upya kitanda, na jioni ilipofika akaketi ndani na kazi yake ya kufuma. Phares akatoa jiko nje mlangoni, akatia makaa, akaanza kupepea. Mtu akitaka kujua maana ya hilo Kaloleni, mwaka ule, karani wa reli amechuchumaa mbele ya jiko ilhali mkewe yumo ndani mzima, basi awaulize waliokuwa wakipita. Walipunguza mwendo. Wengine walirudi mara ya pili kuhakikisha.

Mwalimu wa kwaya ya kanisa alisimama kabisa, yeye na wanawake wawili waliotoka bombani na ndoo zao. "Kulikoni, karani? Mama anaumwa?"

"Anaumwa kidogo," alisema Phares, macho kwenye jiko.

Sauti ya Adoyo ikatoka ndani, haikupazwa wala haikutetemeka. "Siumwi."

Phares aliweka kipepeo chini. Moshi ulimwingia machoni, akaona afadhali uwepo. Wanawake wale walikuwa wametua ndoo zao.

"Haumwi," alisema. "Nilimsingizia. Nilimfukuza nyumbani kwake kwa jambo lililokuwa langu."

"Jambo gani?" akauliza mwalimu wa kwaya, akisogea.

Ndani sindano za kufuma zilikoma kugongana, na Phares alijua kwamba anasikilizwa. Akafungua kinywa, taya likafunguka bila maumivu yoyote, akaanza kuwaeleza habari ya meno.